Simba, Ngao na Shahidi

Chukua sarafu ya ashuu, hii mpya yenye simba upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Tafuta watu wawili, waweke vyumba tofauti, kila mmoja arushe sarafu kama hiyo na kuandika kinachotoka. Tunataka kujua kama sarafu inapendelea simba. Wa kwanza, tumwite Dada, ameamua kabla hajaanza kwamba atarusha mara 12 kisha aache. Wa pili, Kaka, ameamua atarusha mpaka ngao itokee mara ya tatu, hapo ndipo atasimama. Wanatoka na karatasi zinazofanana kama pacha: simba 9, ngao 3, jumla mirusho 12, na mrusho wa mwisho ni ngao.

Sasa tuulize swali ambalo watafiti wa saikolojia huuliza kila siku: kama sarafu haipendelei upande wowote, kuna uwezekano gani wa kupata matokeo kama haya, au yanayoegemea simba hata zaidi ya haya? Kwa Dada jibu ni 0.073. Kwa Kaka ni 0.033. Na kwa kuwa mstari unaoheshimiwa katika saikolojia ni 0.05, Kaka amegundua kitu na anaweza kuandika makala. Dada hana kitu. Simba ni wale wale, ngao ni zile zile, mpangilio ni ule ule. Kilichotofautiana ni kilichokuwa kichwani mwa mrushaji.

Hakuna kosa la hesabu hapo. Kaa na kalamu dakika kumi utaipata mwenyewe. Namba hii, ambayo huitwa thamani ya p, haiangalii tu kilichotokea. Inaangalia pia kile ambacho kingeweza kutokea na hakikutokea, na hicho kinategemea mpango wa mrushaji. Kwa Dada, matokeo mengine makali zaidi ni simba 10, 11 au 12 katika mirusho 12. Kwa Kaka, ni kurusha mara 13, mara 20, hata mara 50 kabla ya ngao ya tatu kujitokeza. Ni ulimwengu mbili tofauti zilizokutana kwenye karatasi moja.

Niliacha chuo kabla ya kufika kwenye somo la mbinu za utafiti, kwa hivyo mambo haya nimeyasoma kwenye simu, usiku, bando ikikaribia kuisha. Mfano huu ni wa zamani sana, wanatakwimu wamebishana juu yake kwa miongo mingi. Lakini nilipokutana nao mara ya kwanza nilikasirika. Kwani simba anajua nia ya mtu? Inakuwaje ushahidi kuhusu chuma ubadilike kwa sababu ya mawazo ya aliyekishika? Hasira hiyo bado ninayo kidogo, ila imebadilisha upande.

Kwanza huo mstari wa 0.05. Hauna utakatifu wowote. Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, aliuandika katika kitabu cha mwaka 1925 kilichokusudiwa watafiti, na sababu aliyotoa ni kwamba ulikuwa mpaka unaofaa kutumia. Basi. Huyo huyo Fisher ndiye mwenye kisa cha chai. Mwanamke mmoja, mtaalamu wa mwani, alidai akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. (Kwetu vyote huchemshwa sufuria moja, ubishi huu usingeanza.) Katika kitabu cha 1935 Fisher alieleza jinsi ya kumpima: vikombe 8, vinne vya kila aina, vimechanganywa kwa bahati nasibu. Uwezekano wa kubahatisha vyote sawasawa ni 1 kati ya 70.

Angalia kinachoipa hiyo 1 kati ya 70 uhai wake. Kila kitu kilikuwa kimeamuliwa kabla ya kikombe cha kwanza kuonjwa: idadi ya vikombe, mpangilio, namna ya kuhesabu. Kama baada ya kuonja mtu angesema, jameni, kile kikombe cha tano kilikuwa kimepoa, tusikihesabu, namba ingebaki kwenye karatasi lakini ingekuwa maiti. Saikolojia ilichukua mstari wa Fisher na kwa miaka mingi ikaacha meza yake nyuma.

Mwaka 2011 deni hilo lilianza kudaiwa. Daryl Bem, profesa wa saikolojia aliyeheshimika katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha katika mojawapo ya majarida makubwa kabisa ya fani yake makala yenye majaribio 9 na washiriki zaidi ya 1,000. Alichodai ni kwamba watu wanaweza kuhisi mambo ya kesho. Katika jaribio moja washiriki walichagua kati ya mapazia mawili kwenye skrini, nyuma ya moja kulikuwa na picha, na kompyuta iliamua picha iko wapi baada ya mtu kuchagua. Picha zilipokuwa za mapenzi, walipatia asilimia 53.1. Majaribio 8 kati ya 9 yalivuka mstari.

Watu wa dini walifurahi, watu wa waganga walifurahi, na wanasaikolojia walitokwa na jasho, kwa sababu Bem alikuwa ametumia vifaa vile vile wanavyotumia wote. Hakukuwa na namna ya kumcheka bila kujicheka. Ama binadamu anaona kesho, ama kiwanda kizima kina tatizo. Watafiti watatu wa Uingereza waliporudia jaribio mojawapo na kukosa kitu, jarida lile lile lilikataa makala yao kwa sababu halichapishi marudio. Fikiria hiyo sera kidogo. Ni kama mahakama inayomsikiliza shahidi wa kwanza tu.

Mwaka huo huo Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walifanya kitu ambacho mimi huona ni mzaha bora kuliko vyote katika sayansi. Waliwasikilizisha wanafunzi 20 wimbo. Wengine walisikia wimbo wa Beatles kuhusu kufikisha miaka 64, wengine wakasikia Kalimba, ile ile iliyokuja ndani ya Windows 7, ambayo kila saiba ya mtaani iliipiga mpaka ikachosha. Matokeo: waliosikia Beatles walikuwa wadogo kwa karibu mwaka mmoja na nusu kuliko waliosikia Kalimba. Si kwamba walijihisi wadogo. Walikuwa wadogo, kwa tarehe ya kuzaliwa! Na namba ilivuka mstari: 0.040.

Hakuna data iliyobuniwa hapo. Walipima vitu vingi, wakaripoti vichache. Waliingiza umri wa baba wa kila mwanafunzi kwenye hesabu kwa sababu uliisaidia. Walichungulia matokeo kila baada ya washiriki kadhaa na kuacha yalipokaa vizuri. Kisha wakaonyesha kwa kompyuta kwamba mtu akijiruhusu uhuru mdogo mdogo wa aina nne kwa pamoja, uwezekano wa kupata ugunduzi hewa haubaki asilimia 5. Unafika karibu asilimia 61. Yaani kurusha sarafu kungekuwa na heshima zaidi.

Hapo unaweza kusema, sawa, hao walikuwa wakituonyesha ujanja, na mjanja anajijua. Laiti ingekuwa hivyo. Kesi inayonisumbua mimi ni ya mpira.

Raphael Silberzahn na wenzake walikusanya data ya wachezaji 2,053 wa ligi kuu za wanaume za Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Uhispania, msimu wa 2012–13, pamoja na marefa waliowahi kukutana nao. Swali lilikuwa moja, na ni swali ambalo kila mtu kwenye ukumbi wa mechi Jumamosi ana maoni juu yake: je, mchezaji mwenye ngozi nyeusi zaidi hupewa kadi nyekundu kirahisi kuliko mwenye ngozi nyeupe? Data ile ile walipewa wachanganuzi 61 katika timu 29. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Hakuna ambaye angepandishwa cheo kwa jibu fulani. Kila timu ilichagua mbinu iliyoona inafaa na kueleza sababu.

Timu 20 zilipata kwamba ndiyo, tofauti ipo, imevuka mstari. Timu 9 hazikupata. Katika kipimo walichotumia, 1 ina maana rangi haileti tofauti. Makadirio yalianzia 0.89, yaani mweusi anapona kidogo, hadi 2.93, yaani mweusi anaumia karibu mara tatu. Katikati kulikuwa 1.31. Ripoti ilitoka 2018.

Tofauti ilitoka kwa maamuzi ambayo ukiyasikia moja moja unakubali kwa kichwa. Je, tuzingatie nafasi ya mchezaji, maana beki hucheza rafu zaidi ya winga? Tuzingatie ligi? Klabu? Kuna marefa wanaopenda kadi na marefa wapole, tuwatenganishe vipi? Na mchezaji aliyekutana na refa mmoja mara 20, ni ushahidi mmoja au ushahidi 20? Kati ya timu 29 kulikuwa na michanganyiko 21 tofauti ya mambo ya kuzingatia. Kila njia ina mantiki. Kila moja ungeweza kuitetea mbele ya shangazi yako.

Sasa jiulize: katika maisha ya kawaida, timu ni moja. Mtafiti ni mmoja, yuko peke yake na kompyuta saa nne usiku, na njia zote 29 ziko mbele yake. Akipita njia ya 9 na kuona haina kitu, hakuna anayemzuia kurudi kwenye makutano na kujaribu ya 14. Na akifika, atakuwa na sababu nzuri ya kwa nini ya 14 ndiyo sahihi. Sababu ya kweli kabisa. Ndiyo maana neno uongo halitoshi hapa. Muongo anajua ukweli na anausema vingine. Huyu hajui ukweli, na ameondoa kitu pekee ambacho kingemsaidia kuujua, tena kwa moyo mweupe.

Kuna kambi inayosema dawa ni kuacha thamani za p kabisa na kwenda kwa Bayes, yule mchungaji Mwingereza ambaye makala yake ilichapishwa 1763, akiwa ameshafariki. Mbinu yake kwa ufupi: anza na imani uliyonayo, iache data iisukume, toka na imani mpya. Kwa kambi hii Dada na Kaka ni sawa kabisa. Simba 9, ngao 3, yamekwisha. Nia yao ni siri yao. Eric-Jan Wagenmakers na wenzake wa Amsterdam walipozipitia data za Bem kwa njia hii mwaka 2011, ushahidi wa kuona kesho uligeuka kuwa hafifu, na sehemu nyingine ukaelekea upande wa kwamba hakuna kitu.

Kwenye sarafu mimi niko na kambi hiyo, sitaki kuficha. Simba hajui nia ya mtu, na hesabu nzuri ingepaswa kuliheshimu hilo. Lakini kumbuka kilichotuwezesha kusema hivyo: mimi msimulizi nilikuonyesha mirusho yote. Hakuna mrusho uliofichwa chini ya godoro. Kama Kaka angerusha awamu tano na kukuletea ile moja iliyopendeza, Bayes angeikokotoa kwa adabu kubwa na kukupa jibu bovu. Wanaobadilisha mbinu bila kubadilisha tabia wanahamisha tatizo kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Neno letu ni ushahidi, na ndani yake amekaa shahidi. Kwetu kithibitisho na maneno ya mtu aliyeona vinatumia neno moja, na nadhani hivyo ndivyo ilivyo kwa saikolojia. Namba haiji yenyewe. Kuna mtu anakuja nayo, anasema: nilikuwepo, hiki ndicho nilichokiona. Unapomuuliza shahidi kama aliamua nini atasema kabla au baada ya kujua hukumu itakavyokuwa, hauingilii siri za moyo wake. Unauliza kama ushahidi wake una uzito. Nia ya Kaka haibadilishi sarafu. Inabadilisha kile ambacho mimi, niliyekuwa nje ya mlango, ninaweza kukiamini kuhusu sarafu.

Nina rafiki anayeishi kwa vibarua vya mtandaoni, anachanganua data za wanafunzi wa ng'ambo. Jiji hili lina vijana wengi wa kazi hiyo, na kama kazi yenyewe ni halali ni mjadala wa siku nyingine. Alinionyesha ujumbe wa mteja. Mteja hakusema buni data. Aliandika kwa upole kwamba matokeo ni 0.11, na anaomba ajaribu mbinu nyingine mpaka yakae vizuri. Rafiki yangu akaniuliza, bila kejeli: "Sasa hapo nani anaumia?"

Swali zuri, na jibu la haraka sikuwa nalo. Nilifikiria kile kisa cha kusimama kama bosi. Mwaka 2010 Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap walichapisha jaribio la watu 42 lililosema ukikaa na kusimama kwa mkao wa kujitanua dakika mbili, homoni zako zinabadilika na unakuwa jasiri. Cuddy aliipeleka kwenye jukwaa la TED mwaka 2012 na dunia ikaipokea. Hadi hapa Nairobi kuna vijana wamejifungia vyoo vya ghorofa za Upper Hill, mikono juu kama wameshinda marathoni, dakika chache kabla ya intavyu. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walirudia na watu 200: washiriki walisema wanajihisi na nguvu, ila homoni hazikubadilika na ujasiri haukuongezeka. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe aliandika hadharani kwamba haamini tena athari hiyo ni ya kweli. Alieleza kwamba walikuwa wakiongeza washiriki kidogo kidogo huku wakichungulia matokeo, na kwamba wakati ule ilionekana tu kama njia ya kuokoa pesa. Cuddy hakukubaliana naye, na ameendelea kutetea kwamba mkao hubadilisha hisia.

Kuokoa pesa! Ndiye Kaka huyo, mpaka ngao ya tatu. Na nani aliumia? Yule wa chooni hakupoteza nauli hata ya kurudi. Ila aliposhindwa intavyu, alikuwa ameshaambiwa na sayansi kwamba siri iko kwenye mabega yake, kwa hivyo alijua wa kumlaumu. Kazi zilikuwa mbili na waombaji mia nne, lakini yeye alijilaumu kwa kutojitanua vizuri. Mimi hilo naliita kuumia.

Na kuna mwingine ambaye humsikii akitajwa: aliyejibu maswali. Kati ya 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly lilitoa pesa bila masharti kwa kaya maskini Rarieda, kule Siaya, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia kilichotokea. Walipima matumizi na chakula, lakini pia furaha, msongo wa mawazo, hata kortisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. Vitu vingi hivyo ni shamba zuri kwa mtu wa njia ya 14. Walisajili mpango wa uchanganuzi, na kwa kuwa vipimo vilikuwa vingi wakaikaza hesabu ili bahati tupu isipite. Ripoti ya 2016 inasema hali ya kisaikolojia iliboreka. Kuhusu kortisoli inasema kwa jumla hakukuwa na athari, ingawa kulikuwa na tofauti katika baadhi ya makundi. Zingatia mpangilio wa sentensi hiyo. Mtu mwenye njaa ya vichwa vya habari angeanza na makundi. Mama wa Rarieda aliyetoa mate yake kwa wageni hakuwa na namna ya kukagua hesabu, na sidhani alijua ameahidiwa chochote. Jambo alilodai, kama alidai, ni kwamba mate yake yasitumiwe kusema yasichosema.

Najua pingamizi, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa watu waliobaki chuo. Kusajili mipango na kukusanya watu 200 ni starehe ya wenye ruzuku. Mwanafunzi wa saikolojia hapa ana hojaji 60 alizozigawa kwa miguu yake mwenyewe, ana 0.08, na msimamizi anataka ripoti Ijumaa. Kumwambia aongeze sampuli ni kumwambia atafute nauli. Sina dawa ya nauli. Kwake yeye 0.08 ni 0.08, aiandike hivyo na aseme ni nini kingine alichojaribu, na msimamizi anayempunguzia alama kwa hilo ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Lakini kwa atakayeanza mwakani ipo njia ambayo watu wa majaribio ya dawa wameitumia tangu miaka ya 1970, na inashangaza jinsi inavyofundishwa kidogo. Kuchungulia katikati kunaruhusiwa, mradi useme mapema utachungulia mara ngapi na ukaze mstari wako kulingana na hilo. Ukitaka kuangalia mara mbili, sampuli ikiwa nusu na ikikamilika, mstari wako hauwi tena 0.05. Unakuwa takriban 0.029 kila mara. Hojaji 30, angalia. Kama haijatosha, hojaji 30 nyingine, angalia tena, simama. Inachukua aya moja kwenye pendekezo la utafiti, iliyoandikwa kabla ya kupanda matatu ya kwanza.